Mradi wa nyumba: kuukataa au kuuwekea masharti?

Barabara nyembamba, maji ya mgao, na mjenzi analeta nyumba 500 mtaani kwenu. Mkatae, au mdai miundombinu kwanza?

Kukataa huanza kwa bei rahisi: barua za pingamizi na saini. Jambo likifika mahakamani, mtachangishana ada ya wakili. Masharti yanahitaji mhandisi wa kupima uwezo wa mabomba, ila utekelezaji humwangukia mjenzi.

Uhakika ndio mtihani. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa nani atalidai? Kibali cha ujenzi kiseme wazi: hakuna kuhamia kabla bomba kuu halijakamilika. Pingamizi lililoshinda nalo si la kudumu. Mjenzi hurudi na ramani mpya.

Mfumo wa majitaka umejaa na haupanuliki? Kataeni. Tatizo likiwa barabara tu, na mna watu wa kufuatilia kwa miaka, daini masharti.