Uzoefu wangu: Ufukwe wa Ushongo na Fungu la Maziwe, Pangani

Anayetafuta mchanga mweupe mahali pasipo na msongamano namwelekeza Ushongo, kusini mwa mto Pangani, mkoani Tanga. Ni kama kilomita 15 kutoka kivuko cha Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani. Kuna minazi, nyumba chache za wageni zilizoachana mbalimbali, kijiji cha wavuvi, na ufukwe mrefu ambao asubuhi yake ni ya watengeneza nyavu na watoto wa pale. Mbele yake baharini liko Fungu la Maziwe, fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa, na kwangu hilo ndilo kilele cha safari. Naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua nitaieleza.

La kwanza ni maji. Pwani hii hutaiona ilivyo kama hujui maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na kwenye ufukwe ulioinama taratibu hiyo ni hatua nyingi sana za mchanga. Anayefika saa kumi alasiri siku ya bamvua hukuta bahari imepanda mpaka karibu na mizizi ya minazi, akasema ufukwe ni mwembamba. Anayefika saa nne asubuhi siku hiyohiyo husema bahari imekimbia, hakuna pa kuogelea. Maoni mengi ya kulalamika ninayosoma kuhusu Ushongo yametoka hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapotimia, na nguvu yake huwa kubwa zaidi siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukifika tarehe 8 au 22 za mwezi wa Kiislamu uko karibu na maji mafu: kujaa na kupwa hakutofautiani sana, na mambo hugeuka, maji yakajaa asubuhi na kukupwa jioni. Kwa hiyo, anayetaka kuogelea mbele ya chumba chake asubuhi achague siku za maji mafu. Anayetaka Maziwe, miamba na pweza achague bamvua. Ukikaa siku tano au sita zinazoanzia bamvua utapata yote mawili, na hivyo ndivyo ninavyowashauri watu wakate nafasi.

Sasa mchanga. Rangi yake si ya bahati. Mchanga mweupe wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni chokaa: vipande vya matumbawe, makombe yaliyosagika, na kinyesi cha samaki aina ya pono, ambaye hutafuna mwamba na kuutoa ukiwa unga. Mto ukiwa karibu huleta mchanga wa bara na tope, rangi ikawa ya kahawia na maji yakapoteza ung'avu. Ndiyo sababu fukwe za Saadani, karibu na mdomo wa mto Wami, ni nzuri kwa wanyama lakini si za kutafutia maji ya buluu, na ndiyo sababu sipendekezi kuoga karibu na mdomo wa mto Pangani wakati wa masika. Ushongo uko mbali kidogo na mdomo huo, kwa hiyo mchanga wake umechanganyika: mweupe unaoelekea manjano. Maziwe ni mweupe kabisa. Ukitaka kuhakikisha, chukua chembe kavu kiganjani, kamulia ndimu, kisha tazama kwa karibu. Mchanga wa chokaa hutoa vipovu vidogo, ule wa bara hukaa kimya. Jingine utalihisi kwa nyayo: saa saba mchana mchanga mweupe wa chokaa bado unakanyagika, wakati ule wa kahawia unakurusha.

Kanuni hiyo inakufaa popote utakapotafuta ufukwe kwa kutumia picha za setilaiti. Tafuta mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mbali na nchi kavu, hapo kuna mwamba. Kisha angalia kama karibu kuna mdomo wa mto au mikoko mingi. Mikoko ni dalili ya tope. Mwamba ukiwepo na mto ukiwa mbali, nafasi ya kupata mchanga mweupe ni kubwa.

Maziwe lilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na zamani lilikuwa kisiwa chenye miti, pamoja na mivinje, na mahali muhimu pa kutagia kasa. Ufuo ukamomonyoka, miti ikaanguka, na mapema miaka ya 1980 uoto wote ulikuwa umekwisha. Leo ni fungu la mchanga mtupu ambalo bamvua likijaa hufunikwa. Kasa bado hupanda kutaga, lakini mayai huhitaji takriban miezi miwili ardhini, na maji yakiyafunika hufa. Ndiyo maana walinzi wa jamii, kwa kushirikiana na shirika la Sea Sense, huhamishia mayai hayo ufukweni Ushongo. Nyumba yako ya wageni itakuambia kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa. Ukienda kuangalia, zima tochi na mwanga wa simu, kwa sababu vifaranga hufuata mwanga wa bahari na taa huwapoteza. Simama pembeni ya njia yao, usiwashike.

Kwenda huko, siku ya bamvua ondoka Ushongo saa mbili asubuhi. Boti ya injini huchukua kama dakika 40, ngalawa ya tanga inaweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi kutegemea upepo. Saa tatu kasoro fungu linakuwa limeibuka, saa nne liko wazi kabisa, na kufikia saa saba uwe umeshapanda chomboni, kwa sababu mchana upepo huongezeka na safari ya kurudi hugeuka ya kulowa. Nahodha mzuri huteremsha watu upande uliokingwa na upepo, na upande huo hubadilika kati ya majira ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na kusi, ule wa kutoka kusini, kama umbo la fungu lenyewe linavyobadilika. Kabla hamjaondoka hesabu maboya ya kujiokolea, moja kwa kila kichwa, lijaribu la kwako kifungo kwa kifungo, na uliza kama kuna mafuta ya akiba. Asiye na maboya ya kutosha usipande naye hata akipunguza bei.

Kule hakuna kivuli, hakuna choo, hakuna maji ya kunywa. Wenye boti wengi hubeba turubai na nguzo, lakini uliza mapema. Mimi nahesabu lita tatu za maji kwa mtu, shati la mikono mirefu, kofia inayofungwa kidevuni, na viatu vya plastiki. Viatu si urembo: kwenye mwamba kuna wanyama weusi wa baharini wenye miba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya mguu. Kwenye mchanga wa maji mafupi buruta nyayo badala ya kunyanyua, samaki aina ya taa aliyejifukia atakuhisi na kuondoka. Miwani na mrija ijaribu ukiwa Ushongo. Miwani inayovuja huharibu asubuhi nzima, na kwa kawaida sababu ni nywele au ndevu zilizobanwa chini ya mpira. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa serikalini, raia na mgeni hawalipi sawa. Dai risiti, na ulizia kama bei uliyotajiwa ya boti imejumuisha ada hiyo, maana hapo ndipo mabishano hutokea.

Njia ya kufika ndiyo inayokula nyota moja. Kutoka Dar es Salaam ukipanda basi la Tanga, shuka Muheza utafute gari la Pangani, au fika Tanga kisha urudi kwa barabara ya pwani, karibu kilomita 50. Mjini Pangani toa fedha taslimu kabla ya kuvuka mto. Ng'ambo, Bweni, kuna bodaboda. Patana bei ya mpaka nyumba utakayolala, si mpaka "Ushongo" tu, kwa sababu nyumba zimetawanyika. Ulizia safari ya mwisho ya kivuko siku hiyo. Mwenye gari anayekuja kwa Bagamoyo kupitia Saadani ajue kuwa udongo mweusi wa kule ukinyeshewa hunata mpaka magurudumu hayazunguki, na wakati wa masika hata gari la magurudumu manne hukwama. Na tafadhali usiendeshe gari ufukweni, viota vya kasa havionekani kwa juu.

Kero nyingine ni ndogo. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari hutupa mwani na takataka za plastiki ufukweni, na maji huwa na vurugu. Jioni isiyo na upepo usubi hutoka upande wa mikoko, paka mafuta ya kujikinga miguuni kabla ya magharibi. Baadhi ya miamba bado ina majeraha ya uvuvi wa baruti uliosumbua mkoa huu kwa miaka mingi, kwa hiyo muulize nahodha akupeleke penye matumbawe hai. Ukipita kijijini jifunge khanga au kikoi. Wenyeji wengi ni Waislamu na ni watu wa heshima sana, watakujibu kwa heshima hiyohiyo.

Miezi ninayoipendekeza ni Septemba mpaka katikati ya Novemba, upepo unapolegea na maji kuwa maangavu zaidi, kisha Januari na Februari wakati wa kaskazi kavu. Ukiwa huko siku za bamvua, ulizia pweza mchana. Kina mama huwachokoa miambani maji yakiwa yamekupwa asubuhi, kwa hiyo saa sita anakuwa bado mbichi kabisa. Agiza apikwe kwa tui la nazi, na agiza mapema, kwa sababu pweza asiyepewa muda jikoni hutafunika kwa taabu.