Meli ya barafuni Greenland: nilichokiona, na mahali ambapo ningetumia fedha kwa namna nyingine

Nianze na hukumu, maana najua wengi husoma mistari mitatu wakaondoka. Ukitaka kuona barafu, meli ndogo ya utalii kwenye pwani ya magharibi ya Greenland inastahili bei yake, na bei yake si ya mchezo. Ukitaka kuwajua watu wanaoishi kando ya barafu hiyo, meli haitakutosheleza. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kampuni siitaji, abiria wenzangu waliokwishapanda meli nyingine za aina hii walikuwa na malalamiko yale yale, kwa hiyo naona tatizo liko kwenye biashara nzima.

Mimi ni karani wa shehena mstaafu, bandari ya Tanga. Kwa pensheni yangu safari hii ingebaki ndoto. Dada yangu ameolewa Denmark, na yeye na shemeji ndio walionishawishi na kubeba sehemu kubwa ya gharama. Nasema hivi ili mtu asidhani naandika kama tajiri.

Kabla ya yote, viza. Greenland imo ndani ya Ufalme wa Denmark lakini haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kwa wenye pasipoti zetu, viza ya Schengen ya kawaida haikufikishi huko. Lazima iandikwe wazi kwamba inatumika Greenland. Basi unapojaza maombi ya Denmark, sema mapema unakokwenda, na viza ikitoka isome kwanza ndipo ushukuru. Bima nayo wanaikagua kweli, hasa kipengele cha kusafirishwa kwa dharura, kwa sababu hospitali inaweza kuwa mbali na hakuna barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine. Ni chombo cha majini au ndege, na wakati wa baridi sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa juu ya theluji.

Ndege ya kukodi ilitushusha Kangerlussuaq, kiwanja kilichojengwa na Wamarekani mwaka 1941 wakati wa vita. Kitu cha kwanza kunipokea Greenland kilikuwa mbu. Mbu hasa, makundi kwa makundi, wanaingia mpaka puani. Hawana malaria, lakini wanauma kama wetu, na abiria kutoka Ulaya walipiga kelele huku mimi nikijifunga kilemba cha shali na kuendelea na njia. Pale kuna hori, wao huliita fjordi, lenye urefu wa kilomita 190 hivi. Kichwani mwake maji yamejaa tope linaloletwa na barafu inayoyeyuka, kwa hiyo meli ilitia nanga mbali na tukapelekwa kwa mashua za mpira.

Mashua hizo ndizo roho ya safari. Meli yenyewe ni hoteli tu: chumba kidogo lakini kisafi, maji ya moto, chakula kingi kupita kiasi. Nyama halali haikuwepo, ila samaki walikuwepo kila siku na mpishi hakununa nilipomwomba anikaangie bila divai. Intaneti ilikuwa ghali na hafifu. Nililipia mara moja nikaachana nayo. Mabuti ya mpira wanakuazima, koti zito wanakupa. Usibebe sweta kumi. Julai katika Ghuba ya Disko, kaskazini zaidi kwenye pwani hiyo, joto la mchana lilikuwa kati ya nyuzi tano na kumi, na kinachouma hasa ni upepo ukiwa kwenye mashua.

Kwa Waislamu wenzangu, suala la swala liulizwe kabla ya kuondoka. Huko juu jua halizami kabisa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi wiki ya mwisho ya Julai hivi, basi Magharibi na Isha utazitafuta wapi? Ustadhi wangu aliniambia wanazuoni wana kauli zaidi ya moja: kufuata mji wa karibu ambao usiku na mchana bado vinatengana, au kufuata Makka. Nikachukua saa za Makka. Kibla ndicho kilichonisumbua zaidi, maana meli ikizunguka kwenye nanga inabidi nawe uhamishe mkeka.

Sasa barafu. Mbele ya mji wa Ilulissat linafunguka hori la urefu wa kilomita 55 hivi, ambalo UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2004. Mwisho wake uko mto wa barafu uitwao Sermeq Kujalleq, ambao kiangazi cha 2012 ulipimwa ukisogea zaidi ya mita 40 kwa siku. Unamega vipande vikubwa mno, vinateremka na hori mpaka mlangoni, na pale chini kuna fungu linalovikwamisha. Vinarundikana, vinasukumana, hata viyeyuke vya kutosha au vipasuke ndipo vitoke baharini. Huenda mlima wa barafu ulioizamisha Titanic mwaka 1912 ulitoka pwani hii hii.

Tulizunguka kati ya milima hiyo saa nne za usiku jua likiwa juu. Mwongozaji alizima mashine na kutuomba tunyamaze. Mimi nilitegemea kimya; kumbe barafu ina kelele. Vipande vidogo vinavyoelea vinalia tatatata mfululizo, ni hewa iliyofungiwa ndani tangu zamani inatoka maji yanapoila ile barafu. Kisha mlima mmoja, mbali kidogo, ukaanza kuinama. Hakuna aliyeugusa. Ukajigeuza polepole, upande wa chini ukatokea wa buluu unaong'aa, na wimbi likatujia. Kijana aliyeshika usukani alikuwa ameshaelekeza omo kwenye wimbi kabla mimi sijaelewa kinachotokea. Hapo nilijua fedha za shemeji hazikwenda bure. Sehemu tisa kati ya kumi za mlima wa barafu ziko chini ya maji, na huwezi kujua kutoka juu umesimamaje, ndiyo maana wanakaa mbali. Abiria aliyelalamika kwamba hatukusogea karibu apate picha nzuri hakunihurumisha.

Nyangumi wa nundu tuliwaona pia, karibu na Qeqertarsuaq kwenye kisiwa cha Disko. Ni aina ile ile inayoonekana Watamu na Zanzibar kuanzia Julai, ingawa wa kwetu hupanda kutoka Antaktika kuja kuzaa, na hawa wa Disko wanakwenda kula. Dubu mweupe usimtarajie kwenye njia hii. Anayemtaka aende Svalbard, visiwa vya Norway, ila ajue kwamba tangu Januari 2025 meli zinazobeba zaidi ya abiria 200 haziruhusiwi kuingia kwenye hifadhi za huko, na dubu anaangaliwa kutoka mita 300, au 500 kati ya Machi na Juni.

Nilichopunguzia nyota ni miji.

Sisimiut, mji wa pili kwa ukubwa nchini, tulipewa muda wa kushuka, kufuata bendera ya mwongozaji, kutazama mbwa wa sleji wamefungwa minyororo nje ya mji, na kurudi. Kijiji kimoja kidogo kilichokuwa kwenye ratiba kikafutwa kwa sababu ya upepo. Hilo silaumu, bahari haina mkataba na mtu, na karatasi uliyosaini inasema wazi kwamba njia itategemea barafu na hali ya hewa. Ninacholaumu ni kilichofuata: nafasi ile ikajazwa na mhadhara wa picha na mnada wa ramani badala ya kutuongezea saa Ilulissat. Pia tulipelekwa kwa zamu kwenye kaffemik. Wenyeji wakiwa na siku ya kuzaliwa au mtoto kuanza shule, huweka kahawa na keki nyumbani, mlango wazi, watu wanaingia na kutoka siku nzima. Yetu ilikuwa ya kulipiwa, ukumbini, dakika zikihesabiwa. Mama aliyetukaribisha alikuwa mchangamfu kweli, alitupa na mattak, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, mbichi, iliyokatwa vipande vidogo. Inatafunwa weee, na ladha yake imekaribia nazi iliyokomaa. Kwetu Mashafii nyangumi hana neno, kwa hiyo nilirudia, wenzangu wakinitolea macho. Lakini kengele ikalia, kundi lingine likaingia, tukatoka.

Uummannaq ndipo nilipotoroka bendera. Ni mji juu ya kisiwa chini ya mlima wenye umbo la moyo, mita 1,170 kwenda juu, nyumba za rangi zimepandana kwenye mawe. Gatini nilimkuta mzee akishusha samaki bapa wa kina kirefu, wale ambao uchumi wa mji unawategemea, na binti yake aliyekuwa anajua Kiingereza akatutafsiria. Nilimwambia nimehesabu mizigo gatini maisha yangu yote. Akacheka, akanionyesha mshipi wake mrefu wenye ndoano mamia, akaniuliza kwetu tunavua kwa zana gani, nikamweleza mtego wa dema na nyavu za jarife. Akaniambia zamani wakati wa baridi hori liliganda imara, akawa anakwenda na mbwa kutoboa matundu na kuteremsha mshipi. Sasa barafu inachelewa na kuwahi kuondoka, na kuna majuma ambayo haibebi sleji wala haipitishi mashua, anakaa nyumbani.

Kisha binti akaonyesha upande wa kaskazini. Juni 2017 mlima uliporomoka ndani ya hori la Karrat, wimbi likapiga kijiji cha Nuugaatsiaq, watu wanne wakafariki na nyumba kadhaa zikasombwa. Kijiji hicho na jirani yake Illorsuit vikahamishwa, kwa hofu kwamba mlima utaporomoka tena, na baadhi ya watu wake wako hapo Uummannaq mpaka leo. Melini hatukuwa tumeambiwa habari hiyo hata kwa sentensi moja, ingawa tulikuwa na mhadhara mzima juu ya wavumbuzi wa Kizungu wa karne zilizopita. Tulikaa na yule mzee juu ya kreti za samaki mpaka honi ya meli ilipoita.

Kwa hiyo kama una uwezo na unauliza ushauri: chagua meli yenye abiria chini ya mia mbili, kwa sababu kubwa zaidi ya hapo utashinda kwenye foleni ya mashua. Uliza kabla ya kulipa ni saa ngapi, si siku ngapi, utakuwa ardhini katika kila mji. Wakikwepa swali, umeshapata jibu. Mtumbwi wa kayaki na helikopta hulipiwa mbali, na nilivyoona helikopta unaweza kuisamehe.

Mimi nikijaliwa kurudi, sitapanda tena meli ya watalii. Iko meli ya abiria ya wenyeji, Sarfaq Ittuk, inayopanda pwani kati ya Qaqortoq kusini na Ilulissat, ikisimama miji ya njiani kushusha watu wanaokwenda kazini, hospitali na harusini. Haina mihadhara. Ukifika Ilulissat unashuka na begi lako, unapanga chumba, na unatembea kwa miguu juu ya njia ya mbao mpaka Sermermiut, makazi ya kale yaliyo kwenye ukingo wa hori, ambapo barafu ile ile tuliyoilipia inaonekana bure. Ila usishuke ufukweni. Kuna kibao cha kuonya juu ya mawimbi ya ghafla, na baada ya kuona ule mlima ukipinduka, mimi kibao hicho nakiamini.