Spika ya nyuma inakoroma: ununue nini kwanza, nini mwisho

Spika mpya ndiyo ya mwisho kwenye orodha hii, ingawa dukani ndiyo utakayoonyeshwa kwanza. Kwenye Premio, IST, Raum na Vitz zinazozunguka Tanga, mara nyingi kinachokoroma si spika bali ni bati, plastiki au waya ulio jirani nayo.

Kabla ya kutoa hela, weka programu ya toni kwenye simu, uiunganishe na redio ya gari, uanze sauti nzito ya hezi 40 (Hz) na kupanda polepole hadi 200. Mtu mwingine akae nyuma akibonyeza kwa kiganja kila kipande: kava ya spika, ubao ulio chini ya kioo cha nyuma, taa ya breki ya juu, plastiki ya mlango, hata pleti namba. Sauti ikikatika anapobonyeza, mmempata mchawi. Jeki na spana za butini zitolewe kwanza, maana zina kelele zao. Kisha zima redio, usukume koni ya spika, ile sehemu ya mbele inayotikisika, taratibu kwa vidole vilivyotawanywa sawasawa. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku, na hapo ruka moja kwa moja hadi namba tano.

Namba moja ni tepe ya kitambaa, ile yenye manyoya ya kufungia waya za gari, upana wa milimita 19. Rola moja yatosha gari zima, na hakuna kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko hiyo. Zungushia waya zote zinazogusa bati, fimbo za loki ndani ya mlango na kingo za plastiki zinazosuguana. Tepe nyeusi ya umeme haifai: kwa joto la gari lililoanikwa juani gundi yake hulainika, tepe ikateleza na kubaki uchafu unaonata. Nunua pia klipu za plastiki kama 10 za aina ya gari lako. Za zamani hukauka na kuvunjika ukifungua mlango, na klipu moja iliyolegea yatosha kuirudisha kelele yote.

Namba mbili, shiti ya butili, aina ya mpira laini unaonata, yenye alumini juu, unene wa milimita 2. Hii huliongezea bati uzito na kunyonya mtetemo. Ubao wa nyuma wa Premio unahitaji takriban nusu mita ya mraba. Kwenye mlango ibandike kwa ndani kwenye bati la nje, nyuma ya spika, na si lazima ulifunike lote: robo hadi nusu yake inatosha. Futa vumbi na mafuta kwa spiriti, bandika, kisha kandamiza kwa rola ndogo mpaka michoro ya alumini ilale. Mjini kwetu chumvi ya bahari inakula bati kimyakimya. Kutu ikwanguliwe na kupakwa rangi kwanza, la sivyo shiti itabanduka pamoja nayo. Matundu ya chini ya mlango ni njia ya maji, usiyazibe. Unapochagua, inusie: butili haina harufu ya lami, na ukiivuta inanyumbuka kama bigijii.

Namba tatu ni sponji isiyonyonya maji, milimita 5, ya kuwekwa duara kati ya spika na bati, na kati ya spika na kava. Chovya kipande majini ukikamue. Kikitoa maji, hicho ni cha godoro, kirudishe.

Namba nne, ringi ya kufungia spika. Baadhi ya Toyota spika za milangoni zimepigwa riveti, nazo zikilegea spika nzima inacheza. Ringi ya plastiki ngumu yenye skrubu inamaliza kazi. Ringi ya MDF, yaani mbao ya unga uliogandamizwa, ikatae: maji ya mvua hupita ndani ya mlango, nayo huvimba na kumeguka.

Namba tano sasa, spika mpya. Ni haki yake ikiwa koni imechanika, ukingo umeoza au koili inakwaruza. Pima tundu, halafu pima kina kioo kikiwa kimeshushwa chote, kwa sababu sumaku ndefu itagonga kioo. Kwa unyevu wa pwani chukua koni ya plastiki yenye ukingo wa mpira. Ukingo wa sponji huoza mapema. Nunua jozi, na upime kwa multimita dukani: spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4.

Viwili havina namba kabisa. Shiti ya lami ni ya bei rahisi kweli, lakini chini ya kioo cha nyuma, saa nane mchana, hulainika, hunuka na huteremka. Povu la kopo la kuzibia kuta ni baya zaidi: likivimba ndani ya mlango hubana kioo na loki, na kulitoa ni kazi ya kisu, siku nzima.