Uzoefu wangu: Kupanda Knocknarea hadi kaburi la Malkia Maeve

Nilikipanda kilima cha Knocknarea, katika kaunti ya Sligo nchini Ayalandi, Jumamosi moja yenye upepo mkali, baada ya safari ya takriban saa tatu kwa treni kutoka Dublin na mwendo mfupi wa basi hadi kijiji cha Strandhill. Kilima chenyewe kina mita 327 tu, lakini asidanganyike mtu na tarakimu hiyo: njia ya upande wa Strandhill hupenya msituni, kisha hupandisha kwa ngazi za mbao zilizolazwa juu ya ardhi ya tope, na mbao hizo zikilowa huteleza kama sabuni. Raba zangu zenye soli iliyolika ziliniaibisha mbele ya wazee wawili walionipita huku wakipiga soga.

Kileleni ndipo nilipoelewa kwa nini watu hujisumbua. Kaburi lenyewe ni rundo la mawe ya chokaa lenye kimo cha mita 10 hivi na upana wa mita zipatazo 55, lililojengwa yapata miaka 5,000 iliyopita na ambalo halijawahi kuchimbuliwa, ingawa wanaakiolojia wanaamini kwamba ndani yake mna ujia unaoelekea kwenye chumba cha maziko. Masimulizi yanasema kwamba Malkia Maeve wa Connacht, ufalme wa kale wa magharibi mwa Ayalandi, alizikwa humo akiwa wima, akiwakabili maadui zake wa Ulster, upande wa kaskazini. Hadithi hiyo naipenda, ila visa vya Maeve huwekwa karibu na zama za Kristo, na kufikia wakati huo mawe haya yalikwisha kukaa hapo kwa miaka ipatayo elfu tatu.

Kilichonikera ni wageni wenzangu. Kaburi hili linalindwa kisheria, na wageni wameombwa wasilipande, lakini nilipokuwa pale vijana wanne walilipanda hadi juu ili wapigane picha, na kila hatua yao iliporomosha vijiwe vilivyobingirika hadi karibu na miguu yangu. Ubavuni mwa rundo umekwisha kuchongeka mfereji kwa nyayo za watu. Mimi nililelewa Pangani, ambako mtoto akionekana amesimama juu ya kaburi hukemewa na mpita njia yeyote, awe ni jamaa yake au la. Nilijikuta nikitaka kukemea, nikakosa maneno ya kufaa kwa Kiingereza. Na wala hapana faida ya kupanda, kwa kuwa ukilizunguka kwa chini unauona mlima wa Benbulben upande wa kaskazini na bahari ya Atlantiki magharibi, bila kuligusa hata jiwe moja.

Natoa nyota nne kati ya tano, na hiyo iliyopungua si kosa la kaburi. Kupanda ni bure. Anayehitaji choo amalize haja yake Strandhill kabla ya kuanza safari.