TAHADHARI: Kijana anayeuza saa za kuzamia Moshi mjini kwa gia ya "mgeni aliniachia mlimani" ni TAPELI

Wakuu, sina amani tangu Jumapili. Naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Mama watoto kanishauri ninyamaze nisijianike, lakini nikinyamaza kesho atapigwa mwingine. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Laki nne na nusu ya jasho langu imeondoka mchana kweupe, hapa hapa Moshi, hatua chache kutoka Mnara wa Saa.

Wale wa kundi la kuogelea mnajua kwa nini nilikuwa naitafuta hii saa na nimeitafuta tangu lini, sirudii. Na mnajua nilishamwahidi nani kwamba mwaka huu lazima nitaivaa. Kwa hiyo nilipoona tangazo moyo ulinipasuka. Seiko SKX007, uso mweusi, mkanda wa mpira, laki saba maelewano. Hii saa ilianza kutengenezwa 1996, na imekwisha kuacha kutengenezwa, ukiipata nzima ni bahati. Nikapiga simu palepale.

"Shikamoo mzee." Ndivyo alivyoanza. Sauti ya kijana aliyelelewa. Nikamwuliza ameipata wapi, akasema yeye ni mpagazi, mgeni kamwachia mlimani, na anauza kwa sababu mdogo wake anatakiwa kuripoti shule. Tukakubaliana Alhamisi saa kumi jioni, mgahawa mmoja wa chai karibu na stendi.

Nilimkuta ameshakaa. Koti la mlimani la bluu, limefifia mabegani pale kamba za mizigo zinapopita. Viatu vya mlimani, vumbi jekundu. Saa aliitoa kwenye soksi. Soksi nene ya sufu, ile ya kuvalia usiku wa kwenda kileleni. Aliikunjua taratibu mpaka saa ikateleza kwenye kiganja chake, akaniwekea mezani bila kusema neno. Nikisema ukweli, ile soksi ndiyo iliyonimaliza.

Ndipo akaanza kusimulia. Mgeni Mjerumani, mtu mzima, siku sita njia ya Machame kupanda Kilimanjaro. Saa sita usiku wameondoka kambi ya Barafu, baridi inakata, mgeni akaishiwa nguvu Stella Point, ukingoni mwa kreta, na akataka kurudi. Yeye akambebea begi, akamshika mkono mpaka kilele cha Uhuru. Waliposhuka geti la Mweka mzee yule akavua saa mkononi mwake, akamvisha huku analia. Nani asingeamini? Shemeji yangu kapandisha wageni zaidi ya miaka kumi, na viatu, tochi ya kichwani, hata begi analolalia safarini ni vya wageni. Mji huu nusu yetu tumevaa kitu kilichofika kileleni kabla yetu. Kwamba mgeni anaweza kuacha saa si hadithi ya ajabu hata kidogo kwa mtu wa Moshi, na huyu kijana alilijua hilo vizuri kabisa.

Na msidhani nilinunua kwa hadithi tu. Niliikagua. Nilivuta kitufe cha pembeni, kile cha kurekebishia saa, nikatazama mshale wa sekunde. Haukusimama. Moyoni nikasema hapa sawa, kwa sababu mashine ya SKX007, ile 7S26, haisimamishi sekunde ukivuta kitufe. Nikajaribu kuijaza kwa kuzungusha, haikujaa, na hapo pia ni sawa, mashine hiyo inajijaza kwa mkono unavyotembea. Wanaobandika mashine nyingine ndani mara nyingi hukamatwa hapo. Nikaificha ndani ya koti langu nikachungulia: alama zote zinang'aa kijani. Siku na tarehe vinageuka. Kila nilichokisoma kwa miaka mitatu nilikitumia pale mezani, na kila kimoja kilijibu ndiyo.

Halafu akafanya lile ambalo nikilikumbuka nasaga meno. Akamwita dada wa mgahawa, akaomba glasi ya maji, akaitumbukiza saa mbele ya macho yangu. "Mzee, tunywe chai kwanza. Ikiingia maji usinipe hata mia." Ikakaa humo robo saa. Tukanywa chai na chapati, nililipa mimi. Niliona vipovu viwili vidogo vimetoka pembeni ya kitufe vikapanda juu. Nikamwonyesha. Akacheka kwa upole, akasema ni hewa iliyonasa kwenye mkanda. Akaitoa, akaifuta kwa ile soksi, akanipa. Kioo kikavu, mshale unatembea.

Tukashushana mpaka laki nne na nusu. Akanitajia namba ya simu ya kumtumia hela. Nilipoingiza, likatokea jina la mwanamke. Akasema laini yake imefungwa, hiyo ni ya dada yake. Nikathibitisha. Nikaweka na hela ya kutolea, wakuu, nikamwongezea na ya kutolea! Akainuka, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema "Mungu akubariki mzee wangu," akaondoka kuelekea stendi.

Jumapili tulienda Chemka na watoto. Mnaopajua mnajua, unaingilia Boma Ng'ombe, vumbi mpaka masikioni, halafu yale maji ya kijani chini ya miti. Wanaita maji moto lakini ni vuguvugu tu, hakuna cha kuidhuru saa. Sikuzama popote. Niliogelea, nikaruka mara moja kwa ile kamba, basi. Nilipotoka mwanangu mkubwa akaniambia, "Baba, saa yako ina jasho." Nikatazama. Kioo kimejaa ukungu kwa ndani, na chini, usawa wa saa kumi na mbili, kuna maji kabisa, yanacheza nikigeuza mkono. Mshale wa sekunde ulitetemeka mara tatu nne ukakwama. Saa saba na dakika arobaini mchana. Mpaka leo iko hapo.

Nilimpigia nikiwa palepale kwenye mizizi ya miti, nimelowa. Haipatikani. Ile namba ya "dada" inaita mpaka inakata. Picha yake imeshatolewa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa fundi saa, yule mzee mwenye meza ya kioo upande wa Soko la Kati, ndiye aliyekuwa akimtengenezea marehemu baba saa yake. Nilimwamkia, nikamwekea mezani, sikusema kitu. Akaweka lenzi jichoni, akafungua mgongo, maji yakadondoka kwenye kitambaa chake cheupe yakiwa na rangi ya chai. Kutu kwa siku moja! Akanionyesha kwa ncha ya koleo ule mfereji wa duara unaokalia mpira wa kuzuia maji. Hamna mpira. Kuna grisi tu, imepakwa nene. Kwenye kitufe mpira upo lakini umekatika, na thredi zake zimekufa, kwa hiyo hata ukikikaza hakikai. Grisi ile, alisema, inaweza kuzuia maji ya glasi kwa dakika chache. Glasi ina kina cha shubiri moja tu. Saa halali ya kuzamia ya mita 200, kwa kiwango cha ISO 6425, hupimwa kwa presha ya robo zaidi ya hiyo, yaani kama mita 250. Glasi ya mgahawa inathibitisha nini?

Nikamwuliza mbona mashine ilijibu sawasawa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mashine ni Seiko ya kweli. Imetolewa kwenye Seiko 5 iliyochakaa. Ni 7S26 hiyo hiyo. Mwili, kioo na uso ndivyo vya kughushi." Halafu akaongeza, "Ni kama ile ya baba yako." Nilishindwa kujibu. Saa ya baba iko nyumbani kwenye kabati, inatembea hadi leo. Nimelipa laki nne na nusu kwa moyo wa saa ambayo ninayo bure.

Huyu mtu nataka alale ndani. Nimefungua jalada, nina RB, ile namba ya kumbukumbu ya kesi polisi, na namba zote mbili nimekabidhi polisi ndiyo maana siziweki hapa. Afungwe. Arudishe hela za kila aliyemwibia hadi shilingi ya mwisho. Na zaidi ya hela, amewachafua wapagazi. Kuna vijana wanabeba kilo 20 mpaka Barafu wakirudi na koti la mgeni wanataka kuliuza walipe ada, kesho nani atawaamini? Wapagazi wa kweli msinikasirikie mimi, mkasirikieni huyu. Anavaa jasho lenu kama sare ya kuibia watu. Mkimjua mtajeni polisi, msimfiche kwa sababu ni mtoto wa jirani.

Mmeniuliza inboksi dalili zilikuwa zipi. Zilikuwepo, nilizipita. Ile pete ya juu yenye dakika, kwenye saa halisi inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mshale, kwa mibofyo 120. Imewekwa hivyo ili ikigongwa chini ya maji isikudanganye kwamba una muda mwingi kuliko ulio nao kweli. Yake ilibofya vizuri, lakini nilipoirudisha ilikubali kurudi kidogo. Niliona. Nikajisemea ni uchakavu. Kitufe kilipokazwa hakikufika mwisho, kilizunguka tu, akasema mgeni alikuwa na tabia ya kukilegeza. Mpiga mbizi gani anaacha kitufe wazi? Vipovu nimeshasema. Jina la mwanamke kwenye simu nimeshasema, na hilo peke yake lilitosha mtu kuinuka.

Na mgongo wa saa, ambao sikuugeuza vizuri mpaka nilipofika nyumbani. Saa hizi za Seiko zina namba sita nyuma: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, 1 mpaka 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Yangu ya pili ni A. Hakuna mwezi wa A. Nililiona hilo Alhamisi usiku nikiwa kitandani, saa iko mkononi inang'aa gizani, nikalala nayo hivyo hivyo kwa sababu sikutaka iwe kweli.

Kama unanunua saa ya kuzamia iliyotumika, usilipie mgahawani. Mwambie muuzaji mwende wote kwa fundi, mgongo ufunguliwe, uone mpira kwa macho yako, na kama kuna mwenye mashine ya kupima presha ipimwe kabla haijaonja maji. Asiyetaka kwenda kwa fundi achukue soksi yake aondoke. Fundi kaniambia hata iliyo halisi mipira yake huchoka, inatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na ukitoka baharini uisuuze kwa maji safi, kitufe usikiguse ukiwa bado umelowa.

Narudia kwa ambao hamjasoma juu: kijana, kati ya miaka 25 na 30, "shikamoo" nyingi, koti la bluu lililofifia, saa ndani ya soksi ya sufu, mgeni Mjerumani, Stella Point. Anaweza kubadilisha saa, akauza simu au kamera, lakini hadithi nadhani ataibeba hiyo hiyo kwa sababu inamlipa. Nasikia kuna mtu Arusha, maeneo ya Kilombero, ameletewa darubini ndani ya soksi. Ndugu yangu kama ni wewe, nitafute leo. Nataka tuunganishe majalada kabla hajabadilisha laini nyingine. Saa sijaichukua, iko kwa fundi imefunguliwa kwenye kisahani pamoja na kile kitambaa, nimemwomba asiisafishe mpaka polisi waione na kutu yake.