Sketi kwenye baridi ya Njombe: nunua cha kuvaa ndani kwanza

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, mwanamke wa Njombe anayevaa sketi kila siku anajua vizuri upepo unapopitia. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo unavuka mita 2,600, na huko asubuhi za Juni na Julai majani huamkia sakitu, meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Mimi ni mwalimu. Nasimama kwenye sakafu ya saruji tangu saa mbili asubuhi, na sketi ndiyo nguo yangu ya kazini, kanisani na sokoni. Naipenda, na sina mpango wa kuiacha kwa sababu ya baridi.

Miaka ya mwanzo nilinunua kinyumenyume. Kila kipupwe kilipoingia nilitafuta sketi nzito kuliko ya mwaka uliopita, na bado mapaja yaliganda na magoti yakauma hadi jioni. Nilichokuja kuelewa ni kwamba sketi, hata iwe nzito namna gani, iko wazi chini. Joto la mwili linatunzwa na hewa iliyotulia karibu na ngozi, na upepo ukiingia kwa chini unaisomba hewa hiyo yote mara moja. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye kitu kinachogusa mguu, ya pili kwenye kitu kinachozuia upepo usipande, na sketi yenyewe isubiri zamu yake.

Bei kamili sitaandika. Mtumba hauna bei moja hata kwa siku moja: belo likifunguliwa asubuhi kitu kinauzwa juu, jioni hicho hicho kimetupwa kwenye fungu.

Namba moja: taiti ya sufu

Nyuzi za sufu zina mawimbi madogo yanayoshikilia hewa, na sufu inaweza kunyonya mvuke wa maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi imelowa. Hapa kwetu jambo hilo ni kubwa, kwa sababu njia ni za milima. Unapanda kilima unatoka jasho, ukifika juu upepo unakupiga, na mwenye taiti ya pamba anaanza kutetemeka pale pale. Pamba ikilowa jasho au umande inalala kwenye ngozi na kukupoza. Taiti ya pamba inayokufaa Dar es Salaam chini ya gauni jepesi haifai huku mwezi wa saba.

Tatizo ni kuipata. Mimi zangu zote nimezitoa kwenye mitumba, na mtumba wa sufu unatoka nchi zenye baridi kali, kwa hiyo lebo zake zimeandikwa lugha za huko. Jifunze maneno machache tu. Kiingereza ni wool, Kifaransa laine, Kijerumani Wolle au Schurwolle, Kiitaliano na Kihispania lana, Kiswidi na Kinorwe ull. Ukiona merino, hiyo ni sufu laini isiyowasha, ishike usiiachie. Ukiona acrylic, acrylique au Polyacryl, jua ni uzi wa kiwandani uliotengenezwa ufanane na sufu kwa macho na kwa mkono. Una joto kiasi, lakini jasho haulinyonyi. Mchanganyiko wa sufu na nailoni kidogo ni mzuri kuliko sufu tupu kwenye taiti, maana nailoni inafanya kisigino na magoti visichakae haraka.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome nje ya kibanda kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe, na majivu yanasagika kwa vidole. Poliesta na akriliki vinayeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba inaungua kama karatasi. Muuzaji mzoefu hatakukatalia, na akikataa kabisa, endelea na kibanda cha pili.

Kisha inyanyue taiti kwenye mwanga. Tazama mshono wa katikati ya mapaja, visigino, na vitobo vidogo vya nondo. Kitobo kimoja unaziba kwa sindano, vitobo kumi vinamaanisha nondo walishaishi humo. Ivute kidogo: kama imekuwa nene, ngumu na haivutiki, mtu aliifua kwa maji ya moto ikasinyaa, na hairudi tena. Usinunue inayokubana sana. Taiti inayokaza haibaki na nafasi ya hewa, na mbili nyembamba zilizopandana zina joto kuliko moja nene iliyobana.

Mbinu niliyofundishwa na mama mmoja muuza nguo, na imenisaidia sana: sufu inunuliwe kule ambako hakuna anayeihitaji. Ndugu yangu akienda soko la Karume pale Ilala, taiti nzito na sweta za sufu anazikuta zimelala, watu wa joto hawana kazi nazo. Anaziweka kwenye mfuko, zinapanda basi, kesho zipo kwangu. Kama huna mtu Dar, nunua Januari au Februari badala ya kusubiri Juni kila mtu akiwa anatafuta.

Ukifua, tumia maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, sabuni laini au shampuu ya nywele, na usiikamue kwa kuisokota. Ikunje ndani ya taulo, ikandamize, itandaze ikauke ikiwa imelala. Sufu haihitaji kufuliwa kila siku. Ianike dirishani usiku, harufu inatoka.

Kama sufu haipatikani

Taiti za manyoya ndani, zile laini za dukani zenye kitambaa kama blanketi upande wa ngozi, ndizo namba mbili katika kundi hili, na wengi wetu tutaanzia hapo kwa sababu zipo kila duka na ni nafuu. Zinapasha joto kweli ukiwa umesimama au umekaa. Ukitembea mwendo mrefu unatoka jasho na jasho linabaki humo humo. Baada ya miezi michache manyoya yanalala kwenye mapaja na magotini, na hapo joto linapungua. Namba kubwa zilizoandikwa kwenye pakiti zisikuamulie. Ingiza mkono ndani, ufinyange, uangalie manyoya yamejaa kiasi gani. Kwenye taiti za kawaida za nailoni namba yenye herufi D, yaani kipimo cha unene wa uzi, ina maana: 20D inaonyesha ngozi, 80D haionyeshi. Lakini hata hiyo 80D ni ya asubuhi za Machi.

Nitasema jambo moja kwa uzito wake. Manyoya hayo ni poliesta. Asubuhi tunakaa tumezunguka jiko la mkaa, sketi imepanuka, miguu imesogea. Poliesta na nailoni zikishika moto zinayeyuka na kunata kwenye ngozi. Ukivaa taiti hizo kaa mbali na jiko, na usilale na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, maana hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuamsha. Sufu haishiki moto kwa urahisi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka juu.

Suruali ya traki chini ya sketi ina joto na karibu kila nyumba inayo, ila inajaza kiuno na inachungulia chini ya pindo. Shambani na safarini sina neno nayo. Jinzi ndani ya sketi usiivae kabisa: inabana, ni pamba, na ikilowa umande inakaa mbichi hadi mchana.

Kwa wajawazito, na kwa yeyote anayetumia choo cha shimo mara nyingi kwa siku, kuna kitu ninachokipandisha juu ya taiti zote: soksi ndefu za sufu zinazoishia juu ya goti, pamoja na skintaiti nene. Huna haja ya kuvua tabaka tatu kwenye choo chenye upepo, tumbo halibanwi, na soksi zikilowa unabadilisha soksi tu.

Namba mbili: gagulo

Mabinti wa siku hizi wameliacha gagulo wakidhani ni vazi la bibi, na linaniuma, kwa sababu ndilo linalogeuza sketi ya kawaida kuwa sketi ya baridi. Kazi yake ni mbili. Kwanza linakuwa utelezi kati ya taiti na sketi. Bila hilo, sketi inang'ang'ania taiti na kupanda magotini kila hatua, hasa Juni na Julai hewa inapokuwa kavu na vitambaa vinavutana. Pili, linazuia upepo, lakini hapa kuna siri ya ushonaji: gagulo liwe jembamba kuliko sketi. Sketi iwe pana ya kutembelea, gagulo lifuate mguu, na nyuma liwe na mpasuo mfupi wa kukuruhusu kupiga hatua. Upepo unaingia kwenye sketi, unakuta ukuta.

La dukani la nailoni au satini linatosha kwa utelezi. La joto, mpelekee fundi. Nunua flaneli, mwambie aweke bitana laini upande wa ndani, unaogusa taiti, na kiuno kiwe cha lastiki pana isiyokata tumbo. Liishie vidole vitatu juu ya pindo la sketi. Kushonesha magagulo mawili kwangu kumekuwa na gharama ndogo kuliko sketi moja nzuri ya sufu, na yanavaliwa na sketi zote kabatini.

Namba tatu: soksi na kiatu

Sakafu ya saruji inavuta joto kupitia soli nyembamba. Nunua kiatu kinachozidi kidogo kipimo chako ili soksi ya sufu iingie bila kubana, na ukate soli ya ndani kutoka kwenye blanketi kuukuu. Buti linalofika nusu ya shavu la mguu linaziba lile pengo kati ya pindo na kiatu ambalo upepo hulipenda.

Namba nne: sketi yenyewe

Sketi ya sufu nene yenye bitana naiweka juu ya zote. Mtumba mzuri unadumu miaka, na pindo likichakaa fundi analipunguza. Inafuata kodrai, mistari yake inashika hewa, ila inachelewa kukauka. Kitenge nakiweka hapo hapo, na najua wapo watakaoshangaa. Kitambaa chake kimefumwa kwa kubanana, upepo haupenyi kirahisi, na kikiwekewa bitana na kuvaliwa juu ya gagulo la flaneli kinapita sketi nyingi za jinzi. Jinzi yenyewe inazuia upepo vizuri lakini pindo likilowa ni zito na baridi. Mwisho kabisa ziko zile za poliesta nyembamba zenye marinda mengi: zinapepea, zinanata, na hazitunzi kitu.

Urefu unaofaa ni kiganja kimoja juu ya kifundo cha mguu. Inayoburuta inakusanya umande na tope, ikikulowanisha kuanzia chini. Ya kubana inayofika magotini haina nafasi ya gagulo wala ya hewa, na kwenye bodaboda inakulazimisha kukaa upande huku upepo ukikupiga mapaja yote mawili. Kwa bodaboda mimi nabeba kitenge cha ziada, najifunga juu ya sketi na kuzikalia ncha zake, mbali na tairi na cheni. Koti lifunike makalio, vinginevyo unaacha kiuno wazi kila unapoinama.

Mdogo wangu anaishi Calgary, Kanada, ambako Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi, na anavaa sketi kanisani kila wiki. Mpangilio wake ni huu huu: taiti ya merino, juu yake ya pili nzito zaidi, gagulo, sketi ndefu ya sufu, buti la theluji. Tofauti ni kwamba anabeba viatu vya ndani kwenye mfuko, na kwamba ndani ya majengo kuna joto kali, kwa hiyo ile taiti ya juu hukatwa nyayo ili aivue bila kuvua soksi.

Kwa mzazi anayemnunulia binti sare, uliza shule kwanza rangi ya taiti na soksi wanayoikubali, kisha nunua mbili za rangi hiyo, moja ivaliwe nyingine ikauke. Sketi ya sare inunuliwe ndefu kuliko kipimo na pindo likunjwe ndani mara mbili. Pindo hilo la kukunja linaipa sketi uzito wa kutulia kwenye upepo, na mwakani fundi analifungua.