Msaada wa kisheria kwa familia za waliouawa, Dodoma mjini: nawapa nyota nne

Naandika kwa ajili ya nyie wenye kesi ya mauaji kwenye familia ambayo imelala tu, hasa mnaotoka Bahi, Chamwino, Mpwapwa huko, mnafika mjini hamjui mlango wa kuanzia ni upi. Maeneo ya Makole kuna ofisi ya wasaidizi wa kisheria, ndogo tu, vyumba viwili ghorofani. Wanahudumia sana akina mama wa mirathi, ardhi na matunzo ya watoto, ila wana na dawati la familia ambazo ndugu yao aliuawa na mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani. Hilo dawati ndo nalizungumzia hapa. Sisi tuliwajua kupitia mahema ya Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ile iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma 2023, tukaelekezwa.

Kesi yetu ni ya mama mkubwa. Mjane, anaishi na wajukuu, akakatwa mapanga usiku ndani kwake. Kabla ya hapo lambalamba, wale waganga wanaosaka wachawi, walipita kijijini wakamtaja, yakaanza maneno eti ni mchawi, macho yake mekundu. Jamani, mwanamke kapikia kuni maisha yake yote kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwaje? Na alikuwa na majaruba ya mpunga ambayo upande wa marehemu mume wake walikuwa wanayataka miaka yote, hilo nalo kila mtu analijua. Polisi walikuja, maelezo yakachukuliwa, mwili ukapimwa, wakakamatwa watu wakaachiwa, basi. Baada ya hapo kila tukienda kituoni ni upelelezi unaendelea, njooni wiki ijayo, afande mwenye kesi yuko safari, mwisho akahamishwa kabisa na aliyekuja anasema hilo jalada hajakabidhiwa.

Sasa pale ofisini. Tulienda na bibi, mama yake marehemu, mtu mzima sana. Dada wa dawati akainuka, akamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akamvutia kiti, akamwachia aongee mpaka akamaliza. Hakumkatisha hata mara moja, na bibi akiongea kuhusu mwanae anaanzia tangu alivyomzaa, yani ni mbali. Mi nilikaa nimebana mdomo nisilie. Toka msiba ule utokee hakuna ofisi iliyowahi kumsikiliza yule bibi kama mama wa mtu, kote tulikopita walikuwa wanaongea na sisi wanaume tu yeye yuko kwenye benchi nje.

Bibi akatoa mfuko wake wa rambo, makaratasi yote humo, RB ya polisi yenye namba ya taarifa yetu, kibali cha mazishi, vikaratasi vyenye namba za simu za maafande. Dada akayapanga mezani kwa tarehe, akatoa kopi ya kila moja bure, halafu akachukua kauntabuku na rula akachora mistari: tarehe, ofisi uliyokwenda, umeongea na nani, cheo chake, kasema nini, kasema urudi lini. Akatujazia ya nyuma yote tuliyokumbuka, akasema kuanzia leo hamtoki kituoni bila kuandika humu. Na maombi sasa ni kwa barua, nakala mbili, moja inabaki kwao na nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa mnarudi nayo. Kitu kidogo lakini kimetubadilishia kila kitu, maana ukimwambia mtu "tulishakuja" anakukatalia, ila muhuri wa ofisi yake mwenyewe hawezi kuukataa.

Walitueleza pia mambo ambayo hakuna aliyewahi kutueleza. Kesi ya mauaji ni ya Jamhuri, mashtaka hayafunguliwi na familia, kwa hiyo yule wakili aliyekuwa anataka hela nyingi "awashtaki wauaji" alikuwa anatuzungusha. Na kesi ya mauaji haina ukomo wa muda, hata ipite miaka ishirini inaweza kufunguliwa. Mpelelezi akikaa kimya unapanda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha wa mkoa, na anayeamua kama ushahidi unatosha kwenda mahakamani ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, nao unaweza kuwaandikia. Kuna na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, inapokea malalamiko bila malipo. Na kuna uchunguzi wa kifo unaofanywa mbele ya hakimu, mashahidi wanaitwa wanahojiwa, wengi hatujui kama kitu hicho kipo. Huduma yote hii bure, ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwa hiyo mtu akikudai hela ya faili au ya "kuchangia ofisi" jua sio wao.

Wana na kikao cha familia Jumamosi, hiki mimi ndo nakithamini kuliko vyote. Mnakaa wenye msiba wa aina moja, kila mtu na kauntabuku lake. Siku moja mwanasheria kijana anayejitolea alitusomea habari za Kanada, wanawake wa makabila ya asili kule. Mi nilikuwa nafikiri nchi kama ile mtu akiuawa lazima muuaji apatikane. Kumbe polisi wao wenyewe 2014 walitoa hesabu ya wanawake wa asili 1,181 waliouawa au kupotea kati ya 1980 na 2012. Kuna barabara kati ya Prince George na Prince Rupert, kama kilomita 720, wameibatiza Barabara ya Machozi, wasichana walikuwa wanasimama kuomba lifti kwa sababu usafiri ulikuwa wa shida, wanachukuliwa hawaonekani tena. Akatusomea ya Helen Betty Osborne, binti wa miaka 19 aliyeuawa 1971 kwenye mji wa The Pas, watu wa pale walikuwa wanawajua waliohusika wakakaa kimya, akaja kufungwa mtu mmoja tu mwaka 1987. Bibi alipotafsiriwa hiyo akasema, "Hata huko kijiji kinanyamaza." Kikao kizima kimya.

Ila tulichokishika ni familia zao zilivyofanya. Hawakuacha, wakaandamana, wakatundika magauni mekundu kwenye miti, mpaka serikali ikaunda tume ya taifa 2016, ripoti ikatoka Juni 2019 na madai 231 ya haki. Kule Winnipeg polisi walisema 2022 hawatachimba dampo kutafuta miili ya kina mama wawili, Morgan Harris na Marcedes Myran, watoto na ndugu wakapiga kambi, wakasumbua serikali hadi ikatoa fedha, na 2025 mabaki yao yakapatikana. Mama mmoja wa Mpwapwa aliyekaa pembeni yangu, ambaye mwanae naye hajulikani aliuawa na nani, akaomba arudiwe hiyo ya dampo tangu mwanzo.

Sisi tumefika wapi? Jalada limepatikana, lina mpelelezi mpya mwenye jina na simu, na mjukuu mkubwa aliyekuwepo usiku ule ndo kwanza kaandikwa maelezo, toka siku hiyo hakuna aliyemuuliza. Anayeshikiliwa bado hakuna.

Nyota niliyoinyima: dawati lina mtu mmoja. Akienda vijijini mlango umefungwa, simu haipokelewi, na umeshapanda gari toka Bahi. Ngazi zile kwa wazee ni mateso. Na kwenye hofu ya mashahidi hawana jibu la kutosha, sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015 lakini jirani anayelala ukuta kwa ukuta na mtuhumiwa anataka kujua nani atamlinda usiku, na hapo wanabaki kusema tu watapeleka ombi. Hili walifanyie kazi kweli.

Mkienda, Jumatatu ina foleni kubwa, nendeni Jumanne au Jumatano asubuhi. Bebeni namba ya RB, kitambulisho, karatasi yoyote ya hospitali na jina la mwenyekiti wa kitongoji wa wakati ule. Na nendeni na mtu aliyekuwepo siku ya tukio hata kama ni mtoto, wana chumba cha pembeni cha kuongea naye taratibu.